Kahawa ya Wabishi

Mwalimu wetu wa Kihispania hakuwa na subira na watu wenye adabu nyingi. Nasema hivi mapema ili asije mtu akadhani namchora bibi mpole wa Kizanzibari, amekaa dirishani Kilburn, London, anatabasamu na kugawa hekima. Akili alikuwa nayo, tena tele, lakini upole aliuweka kwa wageni wa mara moja. Sisi wanafunzi wake wa Jumamosi tulipata kilichobaki, na kilichobaki kilitutosha.

Alizaliwa mtaa gani, wazazi wake akina nani, hayo sitayagusa, kwa sababu mwenyewe hakuyapenda. Ukimuuliza, "Mwalimu, nyinyi kule Unguja ni akina nani?" alikujibu, "Akina walimu," akaendelea na somo. Alichokubali kijulikane ni kwamba katika usichana wake alipelekwa Cuba kusoma, akakaa huko miaka, akarudi na digrii ya lugha na mazoea ya kubishana. Digrii ilimpatia kazi katika chuo cha jioni hapa London, mpaka chuo kilipopunguza walimu. Mazoea ya kubishana hayakupunguzwa na mtu. Aliyahamishia sebuleni kwake, ghorofa ya tatu, katika nyumba isiyo na lifti.

Tangu siku ya kwanza niliyopanda zile ngazi, katikati ya miaka ya tisini, palikuwa na jambo moja juu ya sebule ile ambalo sote tulilijua. Mwanawe wa pekee, aliyekulia London na kuhamia na mkewe mji mmoja wa kaskazini, mbali kwa treni, alitaka mama yake aache flati, aache kufundisha, aende akaishi kwake. Alikuwa mtoto mwema, sitaki mtu amfikirie vibaya. Alipiga simu kila Jumamosi katikati ya somo, na sisi tulisikia upande mmoja tu: "Inshallah, mwanangu. Tutaona. Wewe ndiye unayejua." Akishaweka simu chini alitugeukia na uso uliokunjwa, akasahihisha insha zetu kwa hasira ambazo hatukuzistahili. Hakutaka kwenda. Hata mgeni wa siku moja angeliona hilo.

Mimi nilifika kwake kwa shida zangu. Nilikuwa nimetoka Mombasa kumfuata dada yangu, nikapata kazi katika nyumba moja ya wazee upande wa Kenton. Jikoni pale walikuwepo Wacolombia, wanawake wacheshi wasionyamaza, na mimi sikio langu ni jepesi. Haukupita muda mrefu nikawa nacheka nao kwa lugha yao. Nikajiambia, mbona nisiisomee lugha hii chuo kikuu, nikawa mwalimu, nikaacha kuinua watu vitandani kabla mgongo wangu haujaniaga? Chuo kikuu wakasema sawa, ila kwanza nifaulu mtihani wa Kihispania, pamoja na ule wa mdomo ambao mtahini anakubana kwa hoja. Kuzungumza nilijua. Kujibu hoja nilikuwa mtupu kabisa, na dada yangu, aliyesikia habari za Mwalimu kwa wanawake wenzake harusini, ndiye aliyenipeleka.

Basi sikilizeni desturi ya nyumba ile. Unaingia, unavua viatu, unamwamkia, anakuitikia marahaba, unakaa. Kwetu Mombasa, na kwao Unguja vilevile, mgeni akishakaa kitako kahawa inafuata. Ukimkalisha mtu mkavu utasemwa mtaa mzima. Yeye kahawa alikuwa nayo tayari, iko mezani katika lile buli la Kicuba linalowekwa juu ya jiko mpaka lingurume. Sukari alikwisha kuipiga kwa matone ya kwanza ikafanya povu, na harufu imejaa hadi ukumbini. Lakini hamimini. Kwanza anasema jambo moja la uongo, au la nusu uongo, kwa Kihispania, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Halafu anakunja mikono anangoja. Kahawa inamiminwa mtu akishampinga, na kumpinga kwenyewe ni lazima kuwe kwa kazi ya neno moja tu, ambalo ndilo nililopanda ngazi kujifunza bila kujua.

Neno hilo ni matizar. Katika vitabu vya Wahispania utalikuta kila ukurasa wa pili, mahali ambapo mtaalamu anachukua kauli ya mwenzake na kuifanyia jambo fulani. Jambo gani hasa, ndiyo kazi iliyonichukua miezi. Mwalimu hakutupa maana yake. Kamusi alizifungia kabatini, akasema maana ya neno hili haisomwi, inafanywa. Sisi darasani tulilitia Kiswahili tukawa tunasema kumatiza, na yeye, aliyechukia lugha kuchanganywa, hilo moja alituachia.

Siku yangu ya kwanza alinitazama, akatangaza kwa Kihispania kizuri kabisa kwamba watu wa Mombasa hawajui kupika pilau.

Nikaangalia zulia. Damu ilinichemka, nisikufiche, maana mama yangu akipika pilau watu wanaulizana inatoka nyumba gani. Lakini huyu ni mtu mzima, nimo nyumbani mwake, na ndiyo kwanza nimemwamkia. Karibu yangu alikaa mwanafunzi mwenzangu, mwanaume wa Bukavu aliyekuwa akisafisha maofisi pamoja na Wacolombia na alitaka kuelewana nao vizuri zaidi. Akaniinamia akaninong'oneza, "Dada, sema kitu, kahawa iko napoa." Nikainua kichwa nikasema, "Sí, maestra," yaani ndiyo, Mwalimu.

"Haya," akasema Mwalimu kwa Kiswahili. "Leo tunakunywa maji."

Jumamosi iliyofuata nilikuja nimejiandaa. Alirudia kauli ileile ya pilau, na mimi nikamjibu kwamba labda, pengine, kwa kiasi kidogo, baadhi ya watu, samahani Mwalimu, huenda hawajui sana. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, nikanyoosha mkono kwenye kikombe.

"Nini hiyo?" akaniuliza.

"Nimematiza, Mwalimu."

"Hujamatiza. Umeomba radhi."

Kosa langu lilikuwa kosa letu sote wa pwani. Sisi ndio tunaoumwa na homa tukaulizwa hali tukajibu hatujambo. Mgonjwa anakata roho, tunasema hajambo kidogo. Chakula hakiliki, tunasema si haba. Kupunguza makali ya maneno tumefundishwa tangu tunatambaa, kwa hivyo nilipolisikia neno hili nikadhani hii yetu hii, wenzetu wameipa jina tu. Nikawa naingiza "labda" na "kidogo" kila mahali, na insha zangu zikalegea mpaka nikawa mimi mwenyewe sijui nasema nini.

"Makali sina haja nayo," aliniambia siku ile, na haya ndiyo maneno yaliyonikaa. "Mtu akisema jambo, wewe nionyeshe mpaka wake. Hapa ni kweli, na hapa ndipo inapoanza kuwa uongo. Wakati mwingine ukishaweka mpaka kauli inakuwa kali zaidi, na iwe. Mpaka ukiujua, sema. Usipoujua, nyamaza unywe maji."

Nilikuja kuuelewa kazini, wala si sebuleni. Msimamizi wetu alikuwa akituambia kila asubuhi kwamba mzee mmoja wa chumba cha mwisho hapendi kuogeshwa, kwa hivyo tumfute tu tumwache. Siku moja nikiwa namfuta yule mzee nikajiuliza: mpaka wake uko wapi? Nikajaribu kumwogesha, maji nikayaanzia miguuni badala ya kichwani. Akatulia kimya, akafumba macho, akaniambia maji matamu. Nikaenda kwa msimamizi nikamwambia kwamba anapenda kuogeshwa, ila hapendi maji yaanzie kichwani. Sikumkubalia yule mama msimamizi na sikumkatalia. Nilimwonyesha tu kauli yake inaishia wapi, na mzee akaoga. Nilipomsimulia Mwalimu kisa hiki kwa Kihispania, kwa kubabaika na makosa chungu nzima, hakusahihisha hata kosa moja. Alinyanyua buli akanimiminia. Ile kahawa niliinywa taratibu mpaka tone la mwisho, na sijapata kunywa tamu kuliko hiyo.

Wino wake ulikuwa wa kijani. Mwekundu alisema ni wa watu wenye hasira, na yeye hana hasira, ila ana macho. Katika insha alizungushia duara kila "todos", kila "siempre", kila "nunca", yaani wote, daima, kamwe, na pembeni aliandika swali lilelile: uliwafikia wote? Yule mwenzetu wa Bukavu aliandika insha juu ya vita vilivyomkimbiza kwao, akasema kamwe hatarudi. Mwalimu akaizungushia duara ile "kamwe", lakini pembeni hakuandika kitu. Walitazamana tu, halafu yeye akasema tuendelee. Kwa hivyo msidhani hakujua pa kunyamaza.

Mwezi wa Ramadhani tulibishana bila kahawa. Sisi Waislamu tumefunga, na wale Wakristo wakaona haya kunywa peke yao. Mwenyewe alisema hayo ndiyo madarasa yake bora ya mwaka mzima, kwa sababu mwenye njaa hana nafasi ya "labda". Dada yangu alimwona bibi huyu kuwa hatari tupu. "Unafundishwa utovu wa adabu huko," alikuwa akiniambia. Siku moja nyumbani akanishutumu kwamba sijawahi kumsaidia kazi. Nikamjibu kwa upole kwamba hilo lina mpaka: vyombo naosha, watoto nawachukua shule, ila jikoni kweli siingii, na tangu lini yeye amekubali mtu aingie jikoni kwake? Akageuka na mwiko wake kurudi jikoni. Baadaye nilimsikia anamsimulia shoga yake kwenye simu huku anacheka.

Sasa njooni kwenye upande wake wa pili, maana mtu huyu alikuwa wawili.

Kwa Kihispania alikuwa mizani ya dhahabu. Kwa Kiswahili alikuwa hana mpaka hata mmoja. Unguja hakuna mwizi. Cuba hakuna mjinga. Ndizi za Kilburn zote ni mbovu, na alizinunua kila wiki. Wanaume wote ni watoto. Daktari wake hajui kitu kabisa, na dawa zake alizinywa bila kukosa. Tukijaribu kumshika kwa kanuni yake mwenyewe alituzima papo hapo. Yule wa Bukavu alithubutu mara moja, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Mwalimu, ile ya wezi aiko kweli yote." Mwalimu alivua miwani.

"Kwa Kiswahili unanijibu? Mimi si mama yako?"

"Uko mama yangu."

"Basi. Ukitaka kunipinga, vuka."

Kuvuka kwake kulikuwa kuingia Kihispania. Upande ule ungeweza kumwambia kauli yake haina msingi, ushahidi wake ni haba, hitimisho lake limetangulia hoja, na angefurahi akakuongeza povu. Upande huu ulikuwa wa shikamoo na marahaba. Aliishi hivyo bila kuona tatizo lolote, na sisi tuliokuwa vijana tuliona kichekesho.

Siku moja nilimuuliza mbona mwanawe hajui Kihispania, mtoto aliyezaliwa na mama kama huyu. Alikuwa anaosha vikombe. "Baba yake, Mungu amrehemu, hakutaka," akasema. "Alisema lugha ile ikiingia nyumbani itakuwa ya mabishano, na yeye alioa mke, hakuoa mwanasheria. Nikamwambia sawa." Nikauliza alisema sawa kwa lugha gani. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akaniambia nipanguse meza.

Mtihani ulipokaribia alinifanyia majaribio. Alivaa koti la marehemu mumewe, akakaa mwisho wa meza, akasema hanijui, hajapata kuniona, yeye ni mtahini. Nigonge mlango niingie. Nikagonga. Akaniambia kwa Kihispania kwamba wahamiaji wote wanakuja Uingereza kwa ajili ya pesa. Na mimi, na miezi yote ile ya maji na kahawa, nilipoliona lile koti la mtu mzima macho yakashuka yenyewe, nikasema sí, señora.

"Umefeli. Toka nje, gonga tena."

Nilitoka, nikagonga, nikafeli, nikatoka. Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kiairishi, alifungua akatoa kichwa, akaniuliza kama wamenikataza kuingia. Nikamwambia hapana, najifunza. Jioni ile nilifanikiwa mara ya mwisho kabisa, na Mwalimu akavua koti akaniambia nikumbuke kitu kimoja: kazi rahisi ni kumpinga anayekutukana, lakini nijihadhari na mtu atakayenisifu. Sikumwelewa.

Nilimwelewa nilipokaa mbele ya mtahini. Alikuwa Mhispania mwenye mvi, rika la baba yangu, sauti yake laini. Mada yangu ilikuwa malezi ya wazee. Nikaeleza kazi yangu ya Kenton, akanisikiliza vizuri, halafu akatabasamu akasema: lakini nyinyi Waafrika hamuwaachi wazee wenu kwa wageni, sivyo? Familia zenu huwatunza daima. Sisi huku tumelipoteza hilo.

Aa, pale nilipata kazi. Ni sifa, imetoka kwa mtu mzima, tena ndiyo sifa tunayojipa wenyewe hapa London kila tukikutana, harusini na msibani. Nani wa kukataa sifa ya kwao? Kichwa changu kilishaanza kuinama kukubali. Nikakikamata katikati.

"Habría que matizar eso, señor," nikasema. Hilo, bwana, lina mipaka yake.

Nikampa mipaka. Nikamwambia ni kweli mahali penye binti ambaye hajatoka nyumbani. Ni kweli maadamu binti huyo haulizwi kama anataka. Mama yangu yuko Mombasa, hajawekwa kwa wageni, anatunzwa na mke wa kaka yangu, na yule mke wa kaka yangu hakuna aliyemuuliza. Mimi binti yake niko hapa, nawaogesha wazazi wa watu wengine. Kwa hivyo "daima" yako, bwana, inasimama juu ya mabega ya mwanamke mmoja, na akichoka yeye inaanguka. Na mara nyingine, nikasema, hata mzee mwenyewe hakuulizwa.

Yule bwana aliegemea kiti. Hakusema nimekosea wala nimepatia, aliuliza swali jingine gumu zaidi, nalo nikalijibu. Nilitoka pale nikajua nimefaulu kabla matokeo hayajatoka, na yalipotoka yakasema hivyohivyo. Mwalimu nilimpigia simu kwanza, dada yangu baadaye. Akaniambia, "Hilo halina cha kumatiza," akakata simu. Wenzangu waliniambia kwamba Jumamosi ile alimimina kahawa watu hawajafungua mdomo.

Nikasoma, nikamaliza, nikawa mwalimu wa Kihispania katika sekondari moja ya Stratford, ninakofundisha mpaka leo. Nina watoto darasani ambao wazazi wao wanawasemesha Kiswahili nao wanajibu Kiingereza, na ninawalazimisha wote kunipinga. Kwa Mwalimu niliendelea kupanda ngazi kila nilipopata nafasi. Wanafunzi walikuja wapya, yeye akaanza kushuka kwa kushika ukuta, na simu ya Jumamosi ikawa ndefu zaidi. "Inshallah, mwanangu. Tutaona."

Miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshaenda mbele kidogo alipoanguka bafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alikaa chini muda mpaka yule jirani wa Kiairishi alipomsikia. Wiki hiyo mwanawe akanipigia. Yeye Kiswahili anakisikia chote lakini huzungumza Kiingereza, neno pekee la Kiswahili alilonipa ni dada. "Dada," akasema, "mama anakusikiliza wewe. Amekubali kuhama. Njoo utusaidie kufungasha."

Nilikwenda mchana. Mlango ulikuwa wazi, maboksi yamepangwa ukumbini, kamusi zimeshaingia ndani ya boksi moja, picha zimeteremshwa ukutani. Mwanawe alikuwa amevua koti, anatoka jasho, amechoka, na usoni ana hofu ya mtoto aliyeambiwa mama yake alikutwa chini. Alinieleza mambo yote vizuri: chumba cha chini wamekiandaa, hakuna ngazi, mkewe amenunua shuka mpya, wajukuu wanahesabu siku. Kila alichosema kilikuwa na maana. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake na buibui lake tayari, mikono mapajani, anatazama ukuta.

"Mama, umekubali, sivyo?" mwanawe akamuuliza kwa Kiingereza, akinitaka mimi nisikie.

"Nimekubali, mwanangu," akajibu kwa Kiswahili. "Wewe ndiye unayejua."

Nilimtazama yule mwanamke aliyeninyima kahawa kwa sababu nilimwitikia ndiyo. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwanza, halafu nikamhurumia, halafu nikajua la kufanya. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake ili tutazamane.

"Maestra," nikamwambia kwa Kihispania, "na wewe unaafiki?"

Mwanawe akauliza nimesema nini, nikamwinulia mkono asubiri. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la buibui, akaivaa.

"Habría que matizar," akasema.

Na akaanza, kwa sauti ile ya taarifa ya habari. Nami nikawa nageuka, namtafsiria mwanawe sentensi baada ya sentensi, bila kupunguza na bila kuongeza. Ni kweli kwamba miguu yangu haiwezi tena ngazi hizi peke yake. Ni kweli kwamba nilianguka, na kwamba niliogopa. Ni kweli kwamba mkeo ni mwanamke mwema na shuka atakuwa amezichagua vizuri. Lakini unasema hapa sina mtu, na hilo si kweli, kwa sababu Jumamosi viti havitoshi. Unasema kwako nitapumzika, na mimi sijachoka, nimezeeka, nayo ni mambo mawili tofauti. Unasema nimekubali. Nimekubali kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswahili sijawahi kumkatalia mwanamume wa nyumba yangu. Sikumkatalia baba yangu, sikumkatalia kaka yangu, sikumkatalia baba yako, na sasa mwanamume wa nyumba ni wewe.

Nilipofika kwenye sentensi ile ya mwisho niliirudia ili ifike yote. Mwanawe alikaa juu ya boksi la kamusi. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta.

"Miaka yote hii," akamwambia mama yake, "mbona hukuniambia?"

Nikafungua mdomo kutafsiri, kwa mazoea tu, maana Kiingereza anakijua. Mwalimu akanigusa bega ninyamaze. Akamgeukia mwenyewe, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, bila Kihispania na bila mimi katikati:

"Siendi, baba."

Hakuongeza inshallah. Mwanawe alimtazama, kisha akautazama mlango uliokuwa wazi na ngazi zilizoteremka nyuma yake. Alipojibu alijibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake kizito cha mtu ambaye hajakitumia tangu utotoni.

"Haya, Mama," akasema. "Sasa hizi ngazi tutafanyaje?"